Mishipa ya Mpira na Wimbi Linalorudi

Daktari anapoweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, anachokihisi si damu iliyotoka moyoni punde hiyo. Damu hiyo bado iko kifuani. Katika aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, damu husonga kwa wastani wa sentimita 20 hivi kwa sekunde, lakini msukumo wenyewe, yaani wimbi la shinikizo, hukimbia kama mita 5 kwa sekunde kwa kijana, na kwa mzee ambaye mishipa yake imekakamaa huweza kupita mita 10. Tena wimbi hilo haliendi upande mmoja tu. Kila linapofika mahali mishipa inapogawanyika au inapokuwa myembamba, sehemu yake hugeuka na kurudi kuelekea moyoni. Pigo moja la mshipa, basi, ni jumla ya mawimbi yanayokwenda na yanayorudi.

Ilichukua karibu karne mbili mambo hayo kujulikana kwa uhakika, na sehemu kubwa ya kazi haikufanyika kitandani kwa mgonjwa. Ilifanyika juu ya meza za maabara, kwa mipira, maji, zebaki na karatasi iliyopakwa masizi. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Katika mwili ulio hai, kila kitu hubadilika kwa pamoja: moyo ukienda mbio, mishipa hutanuka au hujibana, shinikizo hupanda au hushuka, na mtafiti hana namna ya kulishika jambo moja likatulia ili alitazame jingine. Katika mpira alioununua mwenyewe na kuupima mwenyewe, anaweza.

Aliyeanza kupima kwa namba alikuwa kasisi wa kijiji, Stephen Hales wa Teddington, karibu na London. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alieleza jinsi alivyomlaza farasi jike, akaingiza mrija wa shaba kwenye mshipa wa paja lake, akaunganisha bomba refu la kioo, kisha akatazama damu ikipanda. Ilipanda futi 8 na inchi 3, yaani kama mita 2 na nusu, ikawa inacheza juu na chini kwa kila pigo. Hales alijiuliza swali zuri: kwa nini damu inayosukumwa kwa vishindo hufika kwenye mishipa midogo ikiwa imetulia? Jibu lake alilitoa kwenye pampu za kuzimia moto za zama zake, ambazo zilikuwa na chumba cha hewa. Pampu ikisukuma, hewa hujibana. Pampu ikipumzika, hewa husukuma maji yaendelee kutoka. Mishipa mikubwa, alisema, hufanya kazi hiyo hiyo kwa kutanuka na kurudi. Wajerumani wakaliita wazo hilo Windkessel, na jina hilo linatumika hadi leo katika vitabu vya fiziolojia.

Nadharia ilikuja polepole. Leonhard Euler, mmoja wa wanahisabati wakubwa kupata kutokea, aliandika mwaka 1775 milinganyo ya mtiririko wa damu katika mshipa unaotanuka, akakiri kwamba kuitatua kulimshinda. Andiko hilo halikuchapishwa mpaka 1862. Mwaka 1808 Thomas Young, daktari aliyekuwa pia mwanafizikia, alisimama mbele ya Royal Society mjini London akaonyesha kwamba kasi ya wimbi la pigo hutokana na unyumbufu wa ukuta wa mshipa, kama vile kasi ya sauti inavyotokana na unyumbufu wa hewa.

Lakini aliyelitoa jambo hili kwenye karatasi akaliweka mezani ni Ernst Heinrich Weber wa Leipzig. Yeye na mdogo wake Wilhelm walikuwa wametoa kitabu kikubwa kuhusu mawimbi mwaka 1825. Baadaye Ernst Heinrich aligundua kwa vidole vyake tu kwamba pigo la mshipa wa mguuni huchelewa kidogo kuliko lile la usoni, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 1850 akatoa matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa mpira uliojazwa maji: alisukuma maji upande mmoja, akapima wimbi lilivyosafiri, akaona lilivyogonga mwisho na kurejea. Tangu hapo madaktari hawakuwa na sababu tena ya kuchanganya mwendo wa damu na mwendo wa wimbi. Hayo ni mambo mawili, na la pili ni la haraka mara nyingi kuliko la kwanza.

Mtu akisimama gatini siku ya upepo ataliona jambo hili la wimbi kurejea kwa macho. Wimbi la bahari likifika kwenye ukuta wa zege halifi. Maji huinuka pale ukutani kupita kimo cha wimbi lenyewe, kisha wimbi jingine huondoka kurudi baharini na kupishana na yanayokuja. Ndani ya mpira uliozibwa mwisho ndivyo ilivyo: shinikizo hupanda pale mwisho, na wimbi hurudi likiwa na sura ile ile. Mpira ukiachwa wazi kwenye chombo kikubwa cha maji, wimbi hurudi pia, ila limepinduliwa: lililokwenda kama ongezeko la shinikizo hurejea kama upungufu. Na mpira ukiunganishwa na mwingine unaolingana nao barabara, hakuna kinachorudi. Mengi yanayosemwa leo kuhusu mawimbi ya mishipa ya binadamu yamesimama juu ya hali hizo tatu.

Mjini Paris, Étienne-Jules Marey alitaka ushahidi ambao mkono wa mtu haukuuandika. Mwaka 1860 alitoa chombo chake cha kuchora mapigo. Kilifungwa kwenye mkono wa mgonjwa kwa kamba. Chini yake palikuwa na springi iliyokandamiza mshipa wa kifundo, na springi hiyo iliinua kijiti kirefu chepesi. Ncha ya kijiti iligusa kipande cha karatasi iliyopakwa moshi mweusi, na mtambo kama wa saa ulikivuta kipande hicho taratibu. Kila pigo likachora mstari mweupe juu ya weusi: mpando mkali, kilele, bega, bonde dogo, kisha mteremko mrefu. Sasa madaktari wawili waliweza kubishana juu ya pigo la mgonjwa mmoja huku ushahidi umelala mezani mbele yao.

Marey hakuishia hapo. Alijua kwamba mstari wa kifundo cha mkono hausemi wenyewe umetokana na nini. Akarudi kwenye mpira. Alichukua bomba refu la mpira, akapanga vihisishi kadhaa kwa mfululizo juu yake, kila kimoja na kijiti chake, vyote vikichora kwenye silinda moja inayozunguka. Msukumo mmoja wa pampu ulipoingia, vijiti viliinuka kimoja baada ya kingine. Kisha, baada ya wimbi kugonga mwisho, vikaanza kuinuka tena kwa mpangilio wa kinyume. Mtu yeyote aliyetazama karatasi ile aliliona wimbi likienda na likirudi. Milinganyo ya Euler ilikuwa na ukweli huo ndani yake; sasa ulikuwa umejichora karatasini.

Kuna jaribio jingine la Marey ambalo bado linafaa kufundishiwa darasani. Kutoka kwenye chupa moja ya maji alitoa mabomba mawili yenye upenyo sawa mwishoni, moja la kioo na jingine la mpira. Akayafunga na kuyafungua kwa mdundo, kama moyo. Bomba la kioo lilirusha maji kwa vishindo. La mpira lilitoa mkondo karibu usiokatika, na likatoa maji mengi zaidi kwa msukumo ule ule. Dai la Hales kuhusu chumba cha hewa likawa limethibitishwa kwa ndoo mbili za maji.

Chombo cha Marey kilivuka bahari hadi Guy's Hospital ya London, kikaingia mikononi mwa kijana Frederick Akbar Mahomed, mjukuu wa Sake Dean Mahomed, Mhindi aliyefungua bafu maarufu mjini Brighton. Mwaka 1872 Mahomed alikiboresha ili kiweze kukadiria nguvu inayohitajika kuubana mshipa. Akichora mapigo ya watu wa kila namna, aliona kwamba wapo watu wanaojiona wazima lakini mchoro wao una bega pana na la juu, kama wa wagonjwa wa figo na wa wazee. Alikuwa ametambua shinikizo la juu la damu kabla ya kuwepo kifaa cha kulipima kwa urahisi. Alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1884, akiwa na miaka 35. Historia ya tiba imemsahau mno kuliko anavyostahili.

Mwaka 1878, Uholanzi ilitoa kwa mkupuo mambo mawili ambayo yangefaa kusimuliwa pamoja kila mara. Mjini Leiden, daktari Adriaan Isebree Moens alikuwa amefanya kazi ya subira: mpira baada ya mpira, wa ukuta mnene na wa ukuta mwembamba, mpana na mwembamba, kila mmoja akiupima unyumbufu wake, kisha akipima kasi ya wimbi ndani yake. Mjini Amsterdam, Diederik Korteweg, kijana wa hisabati aliyekuwa mtu wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha mji huo, alilitatua tatizo hilo hilo kwa kalamu. Wote wawili walifikia kanuni moja. Kasi ya wimbi hupanda ukuta ukiwa mgumu au mnene. Hushuka mshipa ukiwa mpana au kimiminika kikiwa kizito. Ugumu wa ukuta ukiongezeka mara 4, kasi huongezeka mara 2.

Kulikuwa na tofauti ndogo. Hesabu safi ilitoa namba kubwa kidogo kuliko ile iliyotoka kwenye mipira ya Moens, ambaye ilimbidi aizidishe kwa 0.9 hivi ili ilingane na alichokiona. Mwandishi mvivu angesema mmoja alikosea. Ukweli ni kwamba hesabu ilikuwa imerahisisha mambo, na mpira ulikuwa mpira: una ukuta wenye unene halisi, na maji yenye mnato. Kanuni hiyo inaitwa Moens-Korteweg, na ni haki yake kubeba majina yote mawili, kwa sababu bila Moens ingebaki dai tu.

Karne ya 20 ilianza kwa mwelekeo mwingine. Otto Frank wa Munich aliandika mwaka 1899 hesabu kamili ya Windkessel: mishipa yote mikubwa ikachukuliwa kuwa chumba kimoja kinachojaa na kupungua, na mishipa midogo kuwa kizuizi kimoja cha mtiririko. Mfano huo ni mwepesi na una manufaa, lakini una kasoro moja kubwa. Chumba kimoja hakina mbele wala nyuma, kwa hiyo hakuna wimbi linaloweza kusafiri ndani yake, wala kurudi. Frank mwenyewe alilijua hilo, na baadaye alitumia miaka mingi kuchunguza mawimbi na kurudi kwake. Waliomfuata waligawanyika, kambi ya chumba na kambi ya mawimbi, na mabishano yao hayajaisha.

Kambi ya mawimbi ilipata silaha mpya katika miaka ya 1950, katika Hospitali ya St Bartholomew's mjini London. Donald McDonald alikuwa akipiga filamu za kasi za mishipa ya wanyama, akaona kitu ambacho wengi hawakukitarajia: katika kila pigo, kuna muda mfupi ambapo damu ya mshipa mkubwa hurudi nyuma. Alihitaji mtu wa hesabu. Akampata John Womersley, ambaye mwaka 1945 alikuwa amemwajiri Alan Turing katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza ili asanifu kompyuta. Mwaka 1955 Womersley alitoa hesabu ya mtiririko wa damu unaokwenda kwa mawimbi, akizingatia mnato wake, na ndani yake mlikuwa na namba moja isiyo na kipimo ambayo leo hubeba jina lake. Namba hiyo humwambia mtafiti iwapo mnato au uzito wa damu ndio unaotawala mwendo. Kwa mjenzi wa mishipa ya maabara ni sheria ya kazi: mpira ukiwa na upana usiofaa, au pampu ikipiga kwa mdundo usiofaa, namba hailingani na ya mwili, na jaribio zima halisemi lolote kuhusu binadamu. Womersley alifariki mwaka 1958, akiwa na miaka 50 tu.

Kisha ikaja zamu ya umeme. Milinganyo ya wimbi katika mshipa inafanana na ya wimbi katika waya wa simu: shinikizo huwa volti, mtiririko huwa mkondo, ukuta unaotanuka huwa kapasita, uzito wa damu huwa koili. Mwaka 1969 Nicolaas Westerhof na wenzake walitoa matokeo ya mti mzima wa mishipa ya binadamu uliojengwa kwa vifaa vya umeme, wenye vipande zaidi ya 100. Miaka miwili baadaye Westerhof, akiwa na Gijs Elzinga na Pieter Sipkema, akajenga mishipa bandia ambayo moyo halisi uliotolewa mwilini ungeweza kusukumia. Sasa waliweza kuubadilishia moyo mzigo wake wapendavyo na kutazama unavyoitikia, jambo ambalo mwili hai hauruhusu.

Mwaka 1972 kundi hilo hilo lilitoa mbinu ambayo ndiyo msingi wa fani hii hadi sasa. Kwa kupima shinikizo na mtiririko mahali pamoja, wakati mmoja, mawimbi mawili yaliyochanganyika yanaweza kutenganishwa kwa hesabu. Mantiki yake ni nzuri mno: wimbi linalokwenda huongeza shinikizo na mtiririko kwa pamoja, lakini wimbi la shinikizo linalorudi huongeza shinikizo huku likipunguza mtiririko. Tofauti hiyo ndiyo inayoyafichua.

Faida yake kwa mgonjwa inaonekana kwa hesabu ya kidole. Aota ya mtu mzima ina urefu wa karibu nusu mita. Wimbi la mita 5 kwa sekunde huchukua sekunde 0.2 kwenda na kurudi. Moyo, unaosukuma damu kwa muda wa sekunde 0.3 hivi, huwa tayari umeelekea mwisho wa kazi yake. Kasi ikipanda hadi mita 10, wimbi hurudi baada ya sekunde 0.1 tu, na kuukuta moyo katikati ya msukumo. Moyo hulazimika kusukuma dhidi ya pigo lake wenyewe, maelfu ya mara kila siku. Lile bega pana ambalo Mahomed alilichora kwa wazee likawa limepata maelezo, na miongozo ya Ulaya ikaja kuweka mita 10 kwa sekunde, kati ya shingo na paja, kuwa mpaka wa hatari.

Maabara iliyofikisha kazi ya mipira kwenye kilele ilikuwa Ghent, Ubelgiji. Huko kundi la Patrick Segers na Pascal Verdonck lilijenga kwa silikoni nakala ya ukubwa halisi ya mishipa 37 mikubwa ya mwili: aota na tao lake, mishipa ya shingo, ya mikono, ya figo, ya miguu. Ndani yake haikupita damu bali mchanganyiko wa maji sehemu 65 na gliserini sehemu 35, uliochaguliwa ili uzito na mnato vikaribie vya damu. Pampu ilisukuma kwa mdundo kutoka mahali pa moyo, na kila ncha iliishia kwenye mrija mwembamba wa kuzuia mtiririko, ukisimama badala ya maelfu ya mishipa midogo. Ukuta wa kila tawi ulipimwa unene na ugumu wake.

Namba hizo zilitumiwa London, ambako Jordi Alastruey, Kim Parker, Spencer Sherwin na wenzao walikuwa na programu ya kompyuta iliyotatua milinganyo ya aina ile iliyomshinda Euler. Mwaka 2007 walitoa ulinganisho. Katika sehemu zote 70 zilizopimwa, kosa la wastani la kompyuta lilikuwa chini ya asilimia 4 kwa shinikizo na chini ya asilimia 19 kwa mtiririko. Kompyuta ilikuza kupita kiasi mikwaruzo midogo ya mawimbi iliyoonekana kwenye silikoni. Walipoongeza tabia ya silikoni kumeza nguvu kidogo kila inapotanuka, katika kazi ya 2011, mikwaruzo ilipungua na kosa la mtiririko likashuka kutoka asilimia 15.7 hadi 10.8. Ilikuwa hadithi ya Moens na Korteweg kwa mara ya pili, miaka zaidi ya 130 baadaye: mpira ulimsahihisha mwanahisabati, naye akausikiliza.

Mabishano ya zamani yapo bado. Parker na wenzake wamehoji kama kupanda kwa shinikizo kwa wazee kunatokana na mawimbi yanayorudi kwa kiasi kile wengine wanachodai, au aota kujaa kama chumba cha Hales kuna sehemu kubwa zaidi. Hoja za pande zote mbili ni nzito, na haifai daktari amweleze mgonjwa kana kwamba shauri limekwisha amuliwa.

Mwaka 2019 watafiti wa King's College London walitoa hadharani mkusanyiko wa mapigo ya watu 4,374 wa kubuni, wa umri wa miaka 25 hadi 75, yote yamekokotolewa katika mti wa mishipa 116. Haulipiwi, na kompyuta ya kawaida inatosha kuufungua. Katika nchi zetu, ambako presha inaua na vifaa vya kupima kasi ya wimbi ni adimu, idara za fizikia na za tiba zina kila sababu ya kuutumia. Nao mpira mrefu, ndoo ya maji na vihisishi viwili vya shinikizo havimshindi mwalimu yeyote wa chuo anayetaka wanafunzi wake walione wimbi likirudi.